Lavenda Zilizopendwa Kupita Kiasi

Kila siku akirudi shule, kabla hata ya kuvua viatu, msichana yule alizunguka ua mzima akikijulia hali kila kiumbe. Aliwauliza kuku wa jirani kama wameshiba. Alimfunika paka kwa taulo, paka akalitoka taulo, naye akamfunika tena. Sisimizi waliopita ukutani aliwawekea sukari, mpaka siku moja wakahamia jikoni na ukoo wao wote. Basi nyumba nzima, na baadaye mtaa mzima, wakamwita Mama Huruma, ingawa alikuwa na miaka kumi na mmoja tu na hakuwa mama wa mtu.

Huruma ni jambo jema, nani atabisha? Lakini huruma yake ilikuwa haina breki. Kuku mmoja wa jirani alinenepeshwa kwa vipande vya mkate hadi akaacha kutaga, akawa anakaa tu mlangoni akihema. Jirani alikuja kushtaki. Mama Huruma alilia, akamwomba kuku radhi, kisha akamletea kipande kingine cha mkate.

Mkate haukuwa adimu kwao. Baba na mama yake wote walikuwa waokaji. Walitoka alfajiri, wakarudi mchana na unga masikioni, na kufika tu wakalala fofofo. Aliyebaki kumwangalia mtoto alikuwa babu yake, dereva wa lori mstaafu. Babu alikaa uani kutwa kwenye kiti chake cha kukunja, redio pajani, akimpa ushauri kila apitaye, awe ameuomba au hakuuomba. Macho yake yalikuwa yamefifia, na miwani yake ilikuwa na alama nyingi za vidole kuliko meza ya hoteli.

Lakini mwenye amri katika nyumba ile alikuwa shangazi. Shangazi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele, chini ya dirisha, na pembeni yake palijaa suruali za watu zikingoja kupunguzwa.

"Miaka ishirini nakunja pindo za suruali za watu," alikuwa akisema, amebana pini midomoni. "Siku nitakayokufa, mtu atakuja msibani kuuliza zipu yake iko wapi."

Ndiyo maana alizipenda sana lavenda zake. Zilikuwa tisa, kila moja kwenye chungu chake, zimepangwa uani kando ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Lavenda ni kichaka kifupi chenye majani membamba ya rangi ya kijivu na vishada vya maua ya zambarau. Ukipitisha mkono juu yake, harufu inabaki vidoleni mpaka ule chakula cha jioni. Chungu kikubwa kuliko vyote kilikuwa na kichaka cha miaka saba, na vile vinane vingine vyote vilitokana na matawi yake. Shangazi alikiita Mama Mkubwa, na alikiamkia asubuhi.

Kazi ya lavenda ilikuwa hii: Shangazi alikausha maua yake, akayatia ndani ya vimfuko vya kitambaa cheupe, na kimfuko hicho mtu akakiweka chini ya mto ili alale kwa harufu nzuri. Mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa akiishi mtaa wa tatu alisikia habari hizo. Alitaka kimfuko kwa kila kitanda, na kila msimu wa maua aletewe vipya. Aliahidi kuja Jumapili fulani, azione lavenda zenyewe na kuzinusa, ndipo akubali. Shangazi alikuwa ameshashona vimfuko themanini, upande mmoja umeachwa wazi. Alivipanga mezani, akawa anavitazama kama mtu anayetazama tiketi ya safari.

Sasa, kabla ya Jumapili hiyo kufika, mdogo wake Shangazi akajifungua mapacha. Ilibidi Shangazi aende kumlea mzazi kwa wiki mbili na siku kadhaa. Alimwita Mama Huruma uani, akamwonyesha kikombe cha bati.

"Unakiona?"

"Nakiona, Shangazi."

"Kila Jumamosi, chungu kimoja, kikombe kimoja. Basi. Usiongeze hata tone. Hizi asili yake ni vilima vya mawe, ng'ambo huko pwani ya Mediterania, ambako kiangazi chote hakunyeshi. Kiu zinaijua. Zisichokijua ni mafuriko. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

"Kila Jumamosi, chungu kimoja, kikombe kimoja, basi."

Shangazi akaondoka na sanduku lake. Mama Huruma akabaki ameshika kikombe, akikitazama. Kilikuwa kidogo! Kikombe kama hicho hata paka hakimtoshi. Na jua lilivyokuwa kali, hata ukuta ulikuwa wa moto ukiugusa. Alizitazama lavenda, akaona kabisa kwamba zinamtazama.

"Maskini," alisema. "Mtanywaje mara moja kwa wiki, kama mko kifungoni?"

Jumatatu akazipa kikombe kimoja kimoja, cha kupoza koo tu. Jumanne, viwili. Jumatano akaona kikombe kinamchelewesha, akachukua ndoo.

Alhamisi ndipo alipogundua jambo la kutisha. Alikuwa amemimina maji kwenye chungu cha Mama Mkubwa, mara akaona maji yaleyale yanatoka chini na kutambaa sakafuni. Aliinamisha chungu. Kilikuwa na tundu! Akainamisha cha pili. Tundu. Vyungu vyote tisa vimetoboka!

"Babu! Vyungu vya Shangazi vimeharibika. Vyote vinavuja!"

Babu alipunguza redio. "Vinavuja? Basi ziba, mjukuu wangu. Mimi rejeta ya lori langu ilipovuja njiani niliziba kwa sabuni, nikafika. Shuleni hawakuwafundisha? Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Walikuwa wamefundishwa, tena wiki iliyopita tu, na Mama Huruma alipata alama kumi kwa kumi katika methali hiyo. Alikimbilia chumba cha mbele, akachukua vipande tisa vya hariri ya bluu kutoka kapu la mabaki ya vitambaa. Alikisokota kila kipande, akakisokomeza kwenye tundu na kukigongea kwa mpini wa kisu. Kisha akamimina maji tena. Safari hii hakikuvuja chungu hata kimoja, maji yakakaa juu yanang'aa. Mama Huruma akajiona fundi.

Wiki ya pili, majani yalianza kugeuka njano. Alimwuliza Babu.

"Njano?" Babu akafikiri. "Hiyo ni dalili ya kuchemka. Injini ikichemka, unafanya nini?"

"Unatia maji."

"Sasa unaniuliza nini?"

Akatia maji. Majani yakageuka kahawia. Akatia maji na samadi. Matawi yakalegea, yakalala ukingoni mwa chungu, na udongo ukaanza kunuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Hapo Mama Huruma alianza kuogopa. Alikuwa mwenye huruma, hakuwa mjinga. Usiku wa Jumanne alikosa hamu ya kula, na Jumatano simu ya Babu ilipolia alijua ni nani.

"Mwanangu, hujambo? Na lavenda zangu je, hazijambo?"

Alifungua kinywa aseme kweli. Aliona jinsi sauti ya Shangazi itakavyobadilika, akakifunga.

"Hazijambo, Shangazi. Zinakunywa vizuri."

"Mama Mkubwa je?"

"Ameshiba."

"Mungu akubariki. Nikirudi Jumamosi nitakushonea gauni."

Gauni! Afadhali angeahidiwa viboko, roho yake ingetulia. Aliirudisha simu kwa Babu, akaenda kujificha chooni akalia kimyakimya, maana alijua amedanganya na alijua vilevile kwamba uongo ule hauna pa kwenda isipokuwa Jumamosi.

Jumamosi ikafika, kama ilivyo desturi yake. Shangazi angeingia alasiri. Asubuhi Mama Huruma alisimama mbele ya vyungu, akatafuta njia. Matawi yaliyolala aliyasimamisha kwa njiti na uzi wa kushonea. Maua mawili matatu ya karatasi aliyapaka kalamu ya zambarau, akayafunga juu. Kwa mbali, ukikunja macho, zilifanana na lavenda. Shida ilikuwa harufu. Kwenye kabati la Babu kulikuwa na chupa kubwa ya manukato ya kujipaka baada ya kunyoa ndevu, aliyopewa kazini siku ya kustaafu. Alizinyunyizia lavenda zote tisa. Chupa ilikuwa imejaa. Alipomaliza ilikuwa imebaki nusu.

Hajaifunika, mlango ukagongwa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia mkononi na tabasamu pana.

"Hodi wenyewe! Mimi ndiye mwenye nyumba ya wageni. Najua tuliagana kesho, lakini nilikuwa napita. Fundi yupo?"

"Karibu, karibu!" Babu aliitikia kwenye kiti chake. "Fundi bado yuko njiani, lakini mali hiyo hapo. Nusa, ndugu yangu, usione haya."

Mama Huruma alitamani sakafu ipasuke. Mgeni aliinama juu ya Mama Mkubwa, akavuta pumzi ndefu kwa furaha.

Akapiga chafya.

"Afya!" alisema Babu.

Akapiga ya pili. Akahamia chungu kingine, akapiga ya tatu, ya nne na ya tano. Babu alikuwa akiitikia "Afya!" kila mara, mpaka naye akachoka akawa anainua mkono tu. Ilipofika ya kumi na moja, mgeni alikuwa amejishika ukutani, machozi yanamtiririka.

"Samahani, mzee," alisema akijifuta. "Manukato ya dukani siku zote hunifanya hivi, ndiyo maana nikatafuta maua. Kumbe na lavenda ni walewale. Inanuka kinyozi kabisa! Mwambie fundi namshukuru, lakini siwezi kuwalaza wageni wangu na kitu hiki." Akavaa kofia, akatoka.

Babu alivuta hewa puani. "Ajabu," alisema. "Harufu hii naijua mahali."

Mama Huruma alisimama ameshika chupa nyuma ya mgongo. Jamani, njia ilikuwa wazi mbele yake! Angenyamaza tu. Shangazi angeambiwa mteja hakuipenda harufu, kwa kuwa ni kweli hakuipenda, na lavenda zikifa zingekuwa zimekufa kwa bahati mbaya. Hakuna ambaye angejua. Aligeuka aingie ndani kurudisha chupa, akapita chumba cha mbele, na pale mezani akaviona vile vimfuko themanini, vimepangwa, midomo wazi. Nyuma yake lilikuwa rundo la suruali.

Aliiweka chupa chini, akakimbia.

Alimkuta mgeni kwenye kona ya mtaa. "Mzee, subiri! Siyo lavenda! Ile siyo lavenda, ni manukato ya Babu ya ndevu, nimezimwagia mimi, kwa sababu zimekufa, na zimekufa kwa sababu nimezinywesha sana, Shangazi alisema kikombe kimoja mimi nikatumia ndoo, na yale maua ni ya karatasi, na Shangazi hajui lolote, usimwache Shangazi!"

Mgeni alisimama, akageuka.

"Yaani," alisema polepole, "nimepiga chafya kumi na moja kwa sababu ya ndevu za babu yako?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Mgeni alijaribu kukasirika. Alikunja uso mara mbili, mara zote ukamponyoka, mwishowe akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Haya, turudi," alisema. "Hakuna hata moja iliyo hai?"

Hakujua. Walirudi, wakapita chungu kwa chungu. Majani ya Mama Mkubwa yalipukutika kwa kuguswa tu. Cha pili, hali hiyohiyo. Lakini chungu cha mwisho, kilichokaa karibu na kiti cha Babu, ambacho kwa hofu hakuwa amekitazama sawasawa, kichaka chake kilisimama bila njiti. Kilikuwa kimepauka kidogo, ila kilikuwa na vishada sita vya maua ya kweli. Mama Huruma alikiinamisha. Tundu lilikuwa wazi.

"Babu, kitambaa cha humu kiko wapi?"

"Kile cha bluu? Nilikichomoa zamani nifutie miwani." Babu akakitoa mfukoni. "Hariri safi. Tangu siku ile naona mpaka ng'ambo ya barabara."

Mama Huruma alikiondolea kichaka kile manukato kwa kukifuta jani moja moja kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha mgeni alichuma ua moja, akalisugua kiganjani. Akalinusa, akafumba macho, akangoja. Wote watatu walingoja. Chafya haikuja.

"Ehee," alisema. "Hii ndiyo yenyewe. Mwambie shangazi yako nitarudi kesho kama tulivyoagana. Na utamweleza wewe mwenyewe, si mimi."

Shangazi alipoingia alasiri hakupewa hata nafasi ya kutua sanduku. Mama Huruma alimweleza yote mlangoni, tangu ndoo hadi chupa, bila kuruka kitu, huku akilia. Shangazi alitua sanduku. Alienda uani, akapiga magoti mbele ya Mama Mkubwa, akauchomoa mmea mzima na udongo wake. Mizizi ilikuwa myeusi na milaini, ikakatika mkononi. Mama Huruma aliona machozi yake, jambo ambalo lilimuuma kuliko fimbo.

"Mizizi nayo inavuta pumzi," Shangazi alisema hatimaye. "Tundu lile ndilo pua ya chungu. Wewe umeniziba pua, halafu ukanimwagia maji kichwani kwa upendo."

"Sikujua, Shangazi."

"Hukujua, na hilo nimekusamehe. Ila ulipoona njano hukuniuliza mimi, ukamwuliza dereva wa lori."

"Mimi nilidhani tunazungumzia gari," alisema Babu kutoka kwenye kiti.

"Lakini Jumatano ulijua, mwanangu. Nilikuuliza, ukaniambia ameshiba. Jumatano mizizi ilikuwa bado nusu hai. Ningekwambia kwenye simu uchomoe vitambaa, uzihamishie kwenye mchanga mkavu, na tungeokoa sita au saba. Siku tatu hizo hazikuliwa na maji. Zimeliwa na uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Halafu akapangusa uso, akakunja mikono ya blauzi. Shangazi hakuwa mtu wa kulia kutwa. Walikagua tawi kwa tawi wakitafuta vijiti ambavyo bado vilikuwa vigumu na vya kijani ndani. Kwenye vyungu vinane walipata vijiti kumi na vinne, na vitatu kati yake vilikuwa vya Mama Mkubwa. Shangazi alimwonyesha jinsi ya kupukutisha majani ya chini, kukata chini ya kifundo, pale jani linapoota, na kuvichomeka kwenye makopo yenye mchanga mwingi na kokoto, kila kopo limetobolewa chini. Kutoboa ilikuwa kazi ya Mama Huruma. Alitoboa matundu mengi hivi kwamba kopo la kwanza halikuweza tena kushika mchanga.

Kesho yake mwenye nyumba ya wageni alirudi. Alinusa maua makavu yaliyokuwa yamening'inia chumbani kwa Shangazi tangu msimu uliopita, yakatosha vimfuko thelathini, naye akakubali kungoja vile vingine mpaka msimu ujao. "Kwa nyumba ambayo mtoto anamkimbiza mteja ili amwambie ukweli," alisema, "mimi nangoja." Mama Huruma alivijaza vimfuko vyote thelathini mwenyewe. Adhabu yake nyingine ilikuwa kuyatazama makopo kila siku bila kuyagusa. Nayo, wallahi, ilikuwa adhabu. Mara nyingi alilazimika kuikalia mikono yake.

Wiki tano baadaye, Shangazi alikuwa chumba cha mbele akimpima mteja suruali, pini sita midomoni, mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Mama Huruma, udongo hadi viwikoni.

"Shangazi, nimevunja! Nilikuwa nahamisha kijiti cha Mama Mkubwa, kile ulichoniruhusu nikitie chunguni, nikipeleke juani, kikaniponyoka, chungu kimepasuka. Imetokea sasa hivi, hata vipande bado viko chini."

Mteja aliguna. Shangazi alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Mizizi imekatika?"

"Haijakatika. Ni myeupe, mingi."

"Basi chukua kopo, mchanga na kokoto, ukipande kabla jua halijaiunguza."

Mama Huruma alisimama palepale, haamini. "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," alisema Shangazi. "Kosa likisemwa bado bichi, linatengenezeka. Lile la kwanza ulilifunika siku tatu, likaniulia vyungu vinane. Hili umelileta mbio, na dawa yake ni kopo. Kimbia basi, mwanangu, mizizi haingoji maneno!"

Alikuwa ameshafika uani.